Ukienda Lukwika-Lumesule, uliza kwanza mwezi una siku ngapi

Ikifika Juni, mvua zimekata na barabara za vumbi zinapitika, simu yangu haitulii. Vijana wa hapa Masasi wanataka kwenda kulala Lukwika-Lumesule, pori la akiba lililo mpakani na Msumbiji, na wanauliza wabebe nini. Kabla ya hema na kabla ya maji, mimi nawauliza mwezi, huu wa angani, una siku ngapi tangu uandame. Wanacheka. Hata mimi nilicheka zamani.

Mjomba wangu alikuwa na shamba la mpunga kule Lindi vijijini, na msimu wa mavuno alilala dunguni akilinda nguruwe pori. Alikuwa na gobore lenye leseni na maneno machache. Moja alilirudia kila mara: mwezi ukishaanza kuchelewa kutoka, ukisikia kitu shambani, kiache kijilie, usishuke. Wengine kijijini walisema ni simba wa kutumwa, wana siku zao. Nikaweka maneno ya mjomba kwenye fungu hilo hilo la uchawi.

Miaka mingi baadaye nikakutana na kazi ya mtafiti Craig Packer na wenzake. Mwaka 2005 walichapisha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania, na ukanda wetu huu wa kusini-mashariki, Lindi ikiwemo, ndio ulioumia sana. Nguruwe pori wanaingia shambani, simba wanawafuata nguruwe, na mkulima yuko katikati. Mwaka 2011 wakaongeza la mwezi: mashambulizi yanazidi katika siku zile kumi zinazofuata mwezi mpevu, hasa saa za mwanzo za usiku. Usiku wa mwezi mpevu kuna mwanga tangu jua linapozama, swala wanamwona simba na simba analala njaa. Baada ya hapo mwezi unachelewa kutoka kama dakika hamsini kila siku. Siku ya tatu una zaidi ya saa mbili za giza totoro, simba ana njaa, na wewe ndiyo kwanza unakaanga vitunguu.

Safari yangu ya kwanza nilipanga siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikidhani nitapata mbalamwezi ya kupigia picha. Tulichelewa Mangaka tukitafuta mkaa, tukafika kambini jua linazama. Mwenzetu mmoja akatoka kwenda haja na taa ya simu. Askari tuliyepewa hakumgombeza. Alimfuata na bunduki, akamsubiri, akarudi naye, kisha akawasha mioto mitatu kuzunguka mahema na kukaa macho. Asubuhi akatuita tuangalie nyayo zilizopita kati ya gari na hema la mwisho. Hakuna aliyekunywa chai.

Tangu siku ile nakwenda mwezi ukiwa wa siku ya kumi hadi ya kumi na nne, maana jua likizama mwezi tayari uko juu. Sihitaji kalenda. Jirani yangu mama mmoja hufunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu; nikimwona hapiki mchana najua muda wangu unakwisha. Na hata siku hizo, saa kumi na moja jioni mahema yawe yamesimama, kuni zimekusanywa na kila mtu ameshaoga.

Mengine ni ya kawaida lakini watu wanayapuuza. Pori la akiba haliingiwi bila kibali, hata kama ulizaliwa kijiji cha jirani na babu yako alikuwa akichimba ming'oko humo. Kibali kinashughulikiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Anza mapema, usiende kubembeleza getini. Panga unalochukulia kuni nalo liseme mapema. Kukutwa na silaha hifadhini bila ruhusa ni kosa, na mahakamani panga limehesabiwa silaha mara nyingi tu. Mimi langu linabaki nyumbani, kuni namwachia askari.

Nguo zina mambo mawili. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, na vioo vya gari vifungwe maana wanafuata gari linalotembea. La pili ni hizi nguo za mabakamabaka zinazouzwa mitumbani. Wawindaji wa Ulaya na Marekani wanazivaa kwao, hapa usithubutu. Mwaka 2023 jeshi lilitoa siku saba raia wasalimishe sare zake na nguo zinazofanana nazo. Sitaki kukutafutia dhamana kwa sababu ya suruali.

Mto Ruvuma unaopakana na pori hili unavutia sana wakati wa kiangazi, maji machache na fungu la mchanga mweupe katikati. Usioge. Mamba wapo, viboko wapo, na ng'ambo ni Msumbiji, nchi nyingine yenye askari wake. Beba maji ya kunywa kutoka mjini, lita tano kwa mtu kwa siku ukiweka na kupikia.

Sasa nyama. Najua wengi mnaoniuliza habari za pori mnataka kitoweo. Kuwinda kwa halali kupo, lakini leseni inataja mnyama gani, wangapi na eneo gani, na nyaya, sumu na kumulika taa usiku ni marufuku. Kama huna leseni, usipokee hata kipande. Mwaka juzi tukiwa njiani kurudi, mzee mmoja tuliyempa lifti alitaka kutushukuru kwa paja la nyama pori iliyokaushwa, alilofunga kwenye kiroba. Hakuwa na karatasi yoyote. Nilimshukuru, nikakataa, na nikamwomba ashuke nalo. Alinitukana kwa Kiyao, nami nikanyamaza, maana chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009 nyama ile ni nyara ya serikali, na wapo waliohukumiwa miaka ishirini kwa kukutwa na kilo chache.

Nyumbani hilo halijaeleweka bado. Mama mkwe, kila nikirudi, anachungulia buti la gari, anakuta mahema na madumu matupu, kisha anamuuliza mke wangu huyu mwanaume huwa anakwenda porini kufanya nini.