Maktaba ya kwanza ya umma Marekani si Boston

Ukiuliza maktaba ya kwanza ya umma Marekani, wengi watakutajia Boston. Si Boston, ni Peterborough, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire. Mkutano wa wakazi ulipitisha kuanzishwa kwa maktaba hiyo Aprili 1833, chini ya msukumo wa mchungaji Abiel Abbot. Boston ilianzisha yake 1848 na kuifungua 1854.

Tofauti iko kwenye fedha. Maktaba nyingi za wakati ule ziliendeshwa kwa ada za wanachama. Peterborough walichukua sehemu ya mgawo wao kutoka mfuko wa elimu wa jimbo, uliotokana na kodi ya mabenki, wakanunulia vitabu vya kuazimwa bure na kila mkazi. Jengo halikuwepo, vitabu vilikaa dukani, mlemle ilimokuwa posta. Jengo la matofali lilikuja 1893.

Ila atakayekutajia mji wa Franklin, Massachusetts, hajakosea sana: huko vitabu viliazimwa bure tangu 1790, lakini vilikuwa zawadi ya Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, si vya kodi. Salisbury, Connecticut, nao walitenga dola 100 mwaka 1810, kwa maktaba ya watoto. Kwa hiyo ukiandika "ya kwanza", ongeza "kwa fedha za kodi, kwa wakazi wote".