Barua kwa mwanangu aliyejaza petroli ya oktani ndogo

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako, unasema umejaza tenki zima petroli ya 91 wakati kwenye kifuniko cha tenki pameandikwa 95, na gari yenyewe ni ya turbo, na umelala vibaya unauliza kama umeua injini na kama umwite fundi aje ainyonye yote. Hujaua injini mwanangu, na usinyonye kitu. Hiyo bado ni petroli. Ingekuwa dizeli umemimina kwenye gari ya petroli hapo ningekwambia usiguse hata ufunguo, ivutwe tu ikamwagwe, lakini 91 kwenye gari ya 95 unaiendesha kwa adabu mpaka iishe.

Ngoja nikueleze kwa nini, manake ukijua hutaogopa ovyo na pia hutapuuza. Watu wengi wanadhani 98 ina nguvu kuliko 91, hapana, namba ya oktani inaonyesha petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijajiwakia yenyewe. Ndani ya silinda pistoni inapanda inabana hewa na petroli, joto linapanda, plagi inatoa cheche halafu moto unasambaa kutoka pale kwenye plagi kuelekea pembeni kwa mpangilio. Sasa petroli isiyovumilia, ile iliyoko pembeni ambayo moto haujaifikia inajilipukia yenyewe kwa mpigo mmoja, ndo hapo injini inagonga, na ikigonga sana kwa muda mrefu inaweza kula pistoni au kuvunja ringi. Turbo inasindilia hewa nyingi zaidi humo ndani, kwa hiyo gari yako ina sababu ya kuomba 95.

Kinachokuokoa ni sensa ya kugonga. Imefungwa kwenye bloku ya injini, inanasa mtikisiko mdogo ambao hata sikio lako halijaupata, kompyuta ya gari ikipata taarifa inachelewesha cheche digrii chache na kwenye turbo inaweza kupunguza na presha ya hewa. We utakachohisi ni gari imekuwa nzito kidogo, labda na ulaji wa mafuta umepanda. Usishtuke, injini inajilinda. Gari nyingi za zamani za kabureta hazina huo ulinzi, huko dereva ndo alikuwa sensa, anategemea masikio yake.

Ila kompyuta nayo ina mwisho wake, usiipe kazi ambayo haiwezi, kwa hiyo tenki hili liendeshe hivi: usikanyage mafuta mpaka chini, usivute tela, usipakie watu na mizigo mpaka gari inakaa chini halafu uende nayo milimani, na jua likiwa kali sana ongeza utaratibu kwa sababu hewa ya moto inazidisha kugonga. Kingine ambacho madereva wengi hawakijui, gia kubwa na mzunguko mdogo ndo hatari zaidi. Ukiwa kwenye mlima sindano ya mizunguko ya injini kwenye dashibodi iko 1500 halafu ukakanyaga kwa nguvu, hapo ndo utasikia mlio mkavu wa haraka haraka kama misumari inatikiswa kwenye kopo. Ukiusikia legeza mguu papo hapo, shusha gia, acha injini izunguke kwa wepesi. Ukilegeza ukaisha, endelea na safari. Usipoisha, au taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima, paki pembeni uzime gari, usijilazimishe kufika.

Kuhusu kuongeza mafuta, oktani zikichanganyika zinakutana katikati takribani. Tumia nusu tenki halafu jaza 95, utakuwa kwenye 93 hivi. Ukisubiri ibaki robo ndo ujaze 95 unafika karibu 94, na kama pampu ina 98, nusu kwa nusu inakupa kama 94 na nusu, hapo hofu imeisha kabisa. Vile vichupa vya kuongeza oktani usihangaike navyo, vingine vinaandika vinapandisha "pointi" kadhaa na mtu anaelewa ni oktani nzima kumbe pointi moja wanahesabu sehemu ya kumi ya oktani. Hela hiyo weka kwenye petroli inayotakiwa.

Halafu nifanyie kitu kimoja, fungua kitabu cha gari usome maneno yenyewe. Kuna gari 95 inapendekezwa tu, yaani ukiweka chini yake inapunguza nguvu na maisha yanaendelea, na kuna gari 95 ni lazima, hiyo usiizoeshe 91 hata kama unaona inatembea vizuri, manake gari kutembea sio ushahidi kwamba haiumii. Angalia pia ni kipimo gani wametumia. Marekani pampu zinaandika wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 yao inakaribia 95 ya sehemu nyingine nyingi, na 87 yao ni kama 91 au 92. Kama gari yako iliagizwa kutoka nje usije ukawa unalinganisha namba mbili za mizani tofauti. Nipigie picha huo ukurasa unitumie.

Na ukishajaza 95 tenki moja zima au mawili na bado inagonga, basi acha kuilaumu ile 91. Mpelekee fundi aangalie plagi kama ni za aina sahihi, masizi juu ya pistoni, na hata sensa yenyewe kama bado inafanya kazi, na umwambie tangu mwanzo uliweka mafuta gani ili asianze kubahatisha kwa gharama zako.

Mama yako