Usimng'olee mlango mpangaji wako

Pole sana dada. Kodi ya vyumba vyako vitatu vya Mbagala ndiyo ada ya watoto, halafu mpangaji mmoja anakaa miezi minne bila kulipa; hasira zako nazielewa kabisa. Lakini fundi uliyemwita kung'oa mlango mrudishe leo hii. Ukitoa vyombo vyake nje kwa nguvu, yeye ndiye atakayekushitaki, na deni litasahaulika.

Kwanza kaa naye mzungumze, bila majirani kusikiliza. Je, kazi imesimama, ana mgonjwa, au ameamua tu? Kama ana nia, andikeni karatasi: jumla ya deni, atalipa kiasi gani na tarehe ipi, nyote mtie sahihi mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Ahadi ya mdomo usiikubali tena.

Akikwepa, mpe notisi ya maandishi, nakala ubaki nayo, asaini kuipokea. Akigoma kusaini, mkabidhi mbele ya shahidi. Kisha nenda Baraza la Kata mkasuluhishwe. Siku 30 zikipita bila suluhu, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa mkataba, risiti na miamala ya simu, kwa hiyo anza kuvikusanya sasa.

Na Luku yake, yaani mita ya umeme, usiizime. Naona wengi wanashauri hivyo, ila kuna watoto mle ndani, nao hawadaiwi kitu.