Asusa za watoto likizo ya Juni: saa ya kula, karanga na ubuyu

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 10, na ninaishi Nkuhungu, jijini Dodoma. Shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto hushinda wakidai shilingi 200 za krips, lambalamba na ubuyu wa rangi, na mchana ukifika hawagusi ugali. Mimi niko kazini kutwa, na dada wa nyumbani hawezi kuwasha jiko kila saa. Niwaandalie nini chepesi, chenye afya, kisichowaharibia hamu ya chakula?

Jibu la afisa lishe: Mama, nitaanza na saa kabla ya chakula chenyewe, kwa sababu ugali unaobaki sahanini chanzo chake ni hapo. Tumbo la mtoto ni dogo, na akidokoa kila baada ya nusu saa, hata kama anachodokoa ni kizuri, mlo unamkuta ameshiba. Mtoto aliyekunywa uji saa moja asubuhi apewe asusa saa nne, ale chakula cha mchana saa saba, apate asusa ya pili saa kumi, na katikati ya saa hizo anywe maji tu. Mpangilio huu ukishikwa kwa siku chache mfululizo, ugomvi wa mezani hupungua sana.

Krips na lambalamba hushibisha bila kumpa mtoto protini ya maana. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto wa miaka 7 anayehitaji takriban kilokalori 1,500, hiyo ni chini ya gramu 40, na chupa moja ya soda ya mililita 350 inakaribia kuimaliza yote.

Mkoa wetu una asusa bora kuliko hizo, na Juni ndio msimu wake, kwa kuwa karanga mpya zimejaa katika soko la Majengo. Karibu robo ya uzito wa karanga kavu ni protini, na karibu nusu ni mafuta mazuri, kwa hiyo konzi moja humfikisha mtoto mkubwa kwenye mlo unaofuata bila kumlemea. Chemsha zile mbichi na maganda yake, kwa chumvi kidogo sana, asubuhi wakati uji unaiva, kisha zitandaze kwenye ungo zipoe; ziliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu karanga iliyochemshwa huchacha upesi.

Hapa naomba uwe makini sana. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi, iliyokuwa kwenye mahindi, na fangasi hao hao huishambulia karanga isiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Kukaanga na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, hivyo kinga ya jikoni ni kuchambua: mwaga karanga kwenye sinia mahali penye mwanga, utoe kila iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu, na mtoto akisema karanga ni chungu, aiteme. Unga wa karanga uliokwisha kusagwa usiununue kama hukuziona karanga zenyewe. Zile ulizozitoa usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu inaweza kurudi kwako kupitia maziwa na mayai.

Kuhusu ubuyu, tatizo liko kwenye sukari na rangi vilivyopikwa pamoja nao. Tunda lenyewe halina kosa. Uzito kwa uzito, unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo humsaidia mtoto kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye karanga, maharage na uji wa uwele. Nunua ubuyu mweupe, loweka katika maji yaliyochemshwa na kupoa, koroga mpaka unga uachane na mbegu, uchuje. Usiuchemshe, kwa kuwa moto huharibu vitamini C. Kama hawauwezi ukali wake, ponda ndizi mbivu humo badala ya kumimina sukari. Chai ya rangi iwe mbali na saa hizo, maana hupunguza ufyonzaji wa chuma.

Siku nyingine dada achemshe viazi vitamu pamoja na uji, viliwe vikiwa vimepoa kwa kikombe cha maziwa mgando. Ukipata viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vichukue, kwa sababu vina vitamini A. Yai la kuchemsha, papai au chungwa pia yanatosha.

Mtoto wa miaka 3 asile kile wanachokula wakubwa wake bila kuangaliwa. Karanga nzima na bisi zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa, kwa hiyo asipewe mpaka avuke miaka 5. Yeye mpakie siagi ya karanga laini, tabaka jembamba, juu ya kiazi. Zabibu za hapa zikiingia sokoni, kila punje ikatwe vipande vinne kwa urefu. Wote wale wakiwa wamekaa, si wakikimbizana uani. Na ikiwa mmoja wao atavimba midomo, kutoka vipele au kupumua kwa shida baada ya kula karanga, dada asingoje urudi kazini. Ampeleke hospitali mara moja, na karanga zisitolewe tena kwa mtoto huyo mpaka daktari aamue.