Binti aanze na kanuni za kura, hotuba zitafuata

Mkuu, umesema binti yako wa kidato cha tatu anakwenda kwenye Umoja wa Mataifa wa kuigiza, ambako wanafunzi wanajifanya wajumbe wa nchi, kwa mara ya kwanza na kijitabu cha kanuni kimemchanganya. Mimi nilishiriki mara nne, mara mbili za mwisho nikakalia kiti cha mwenyekiti.

Kwanza aulize wanafuata mtindo upi. Kwenye ule wa THIMUN, mkutano wa kuigiza ulioanzia The Hague mwaka 1968, wajumbe wanakuja na vifungu vyao vya azimio mkononi wakaviunganishe. Kwenye mikutano mingi ya mtindo wa Kimarekani, kuja na rasimu ya azimio uliyoiandika nyumbani ni kosa.

Mimi iliyoniponza ni kuitwa majina. Mwenyekiti anaita nchi moja moja, nawe unajibu "nipo" au "nipo na nitapiga kura". Nilikuwa Baraza la Usalama, nimepewa Gabon. Hilo la pili nikaliona lina uzito, nikalitamka kibalozi kabisa. Jioni rasimu ina kura 8 za ndiyo, inahitaji 9. Nikainua kibao cha nchi yangu kujizuia, yaani nisiseme ndiyo wala hapana. Mwenyekiti akaangalia karatasi yake: "Mjumbe wa Gabon, ulisema utapiga kura." Maana yake nichague ndiyo au hapana, basi. Ukumbi wote umenigeukia, jirani ananikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema ndiyo. Azimio likapita, na watu niliokula nao mchana hawakunisemesha hadi tunaagana.

Cha kuchekesha, kiapo hicho cha "nitapiga kura" hakipo New York, kwenye Umoja wa Mataifa wenyewe. Kwa kanuni za Baraza Kuu, "waliopo na kupiga kura" ni waliosema ndiyo au hapana tu. Aliyejizuia anahesabiwa hakupiga. Tumejitungia wenyewe. Kwa hiyo binti aseme "nipo" tu, labda nchi yake iwe na msimamo wa chuma.

Kwenye kura za utaratibu, kama kuahirisha kikao, hakuna kujizuia. Kura ya turufu, ile ya nchi kubwa kuzuia azimio Baraza la Usalama, pia haifanyi kazi huko, na hilo limo hata kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 27. Nikiwa mwenyekiti, "Urusi" mmoja alitaka kuzuia mapumziko ya chai kwa turufu. Chai tulikunywa.

Aliyezoea kutazama Bunge letu atatamani kusimama na "kuhusu utaratibu" kila anapochokozwa. Asithubutu. Hoja ya utaratibu ni ya kanuni iliyovunjwa, si ya kumjibu mwenzako. Kama kipaza sauti hakisikiki, hiyo ni hoja nyingine, inaitwa haki binafsi.

Kuomba kokasi yenye mwenyekiti, yaani mjadala mfupi wa mada moja unaoongozwa na mwenyekiti, afanye mazoezi kwa sauti: muda wote, muda wa kila msemaji, mada. "Dakika 10, sekunde 60 kila mmoja, kuhusu wakimbizi wa mipakani." Wageni wengi husahau mada, mwenyekiti anaitupa hoja, na nchi ya pembeni inaiokota neno kwa neno.