Injini ya Roketi Ikikwama, Pima Kabla ya Kuvuta

Kwa miaka kadhaa sasa mimi na binti yangu tumekuwa tukirusha roketi ndogo za karatasi na mbao laini katika uwanja mmoja nje ya mji wa Columbus, jimbo la Ohio, tunakoishi, na katika muda huo nimeng'oa injini tano zilizokwama. Nne zilikwama kwa makosa yangu mwenyewe. Ya tano ndiyo iliyonifunza kwamba kabla ya kuuliza itatokaje, ni lazima ujue kama ndani yake bado kuna baruti.

Ilikuwa injini ya aina ya C6-5, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70. Kwa nje ni bomba la karatasi ngumu. Kwa ndani, kutoka chini kwenda juu, kuna mdomo wa udongo, baruti ya kusukuma, baruti ya kuchelewesha inayoungua kwa sekunde 5, na mwishoni baruti kidogo ya kufyatua parachuti. Binti yangu alipobonyeza kitufe tulisikia mlio mkavu, kama mlango uliobamizwa na upepo, moshi ukatanda, na roketi ikabaki pale pale kwenye fimbo yake. Vipande vya udongo vilikuwa vimetawanyika chini. Parachuti haikufyatuka.

Kanuni za usalama za chama cha Marekani cha urushaji roketi, National Association of Rocketry, zinataka uchomoe ufunguo wa usalama wa kifaa cha kurushia au utenganishe betri yake, kisha usubiri sekunde 60 kabla ya mtu yeyote kuikaribia roketi. Siku hiyo nilingoja nusu saa nzima, kwa sababu injini iliyopasuka si sawa na injini iliyokataa kuwaka, na sikuwa na njia ya kujua kama kuna cheche inayotambaa ndani yake. Nilipoikaribia nilihakikisha kwamba si mbele wala nyuma ya roketi panapomwelekea mtu, kwani baruti ya parachuti hutokea upande wa juu.

Niligusa kitako cha injini, hakikuzunguka hata kidogo. Karatasi ilikuwa imevimba kwa ule msukumo na kulibana bomba la ndani la roketi. Binti yangu akauliza, "Baba, si tuivute tu kwa plaizi?" Badala ya kumjibu nilitoa mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, ambayo hatuachi kuibeba. Ubavuni mwa pezi moja nilikuwa nimeandika kwa penseli gramu 48, yaani uzito wa roketi na parachuti yake bila injini. Injini mpya ya aina hii ina gramu 24 hivi, na karibu nusu yake ni baruti, kwa hiyo ganda lililoungua lote lingebaki na gramu 12 au pungufu. Mizani ilisoma 66. Zile gramu 18, tena bila mdomo wa udongo, maana yake ilikuwa moja tu: ndani bado kulikuwa na baruti.

Injini ya namna hiyo haigongwi, haitobolewi kwa drili, haichokonolewi kwa bisibisi na wala haipashwi joto. Inatiwa maji. Nilitoa parachuti, nikaizamisha roketi kwenye ndoo hadi juu ya injini, nikaiacha nje hadi kesho yake. Baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na shura huyeyuka majini. Asubuhi ndani ya ganda palikuwa na tope jeusi, nikalisuuza na kulimwaga lote bila kuliacha likauke. Ganda lenyewe lilikuwa limelainika, nikalikunja kwa ndani kwa plaizi yenye midomo mirefu na kulichuna ukanda baada ya ukanda. Sitaficha gharama: bomba la ndani lililowa likafumuka, na mapezi mawili yakabanduka kwa sababu nilikuwa nimetumia gundi nyeupe ya mbao.

Njia hii ni ya injini za baruti tu. Zile kubwa ambazo fueli yake imeshikwa kwa mpira hazilainiki kwa maji, na hizo ni za kumpelekea mtu mwenye cheti chake.

Injini iliyoungua yote, parachuti ikatoka na mizani ikakubali, ni jambo jepesi, ingawa ndiyo inayokwama mara nyingi zaidi. Sababu huwa tepu ya karatasi tunayoizungushia injini ili isichomoke. Joto hulainisha gundi ya tepu, ikipoa inashika. Anza kwa kuizungusha, usianze kwa kuivuta. Ikigoma, sukuma kutoka mbele kwa ufito wa mbao wenye kichwa bapa, mwembamba wa kutosha kupita katika pete inayoizuia injini isipande. Mimi hutumia mpini wa mwiko, jambo ambalo mama watoto hajalifurahia. Roketi ikiwa na kishikizo cha chuma kinachoizuia injini isichomoke, kiinue kwanza kwa kucha, kwani mara moja nilisahau nikalipasua bomba la ndani kwa kusukuma dhidi yake.

Siku hizi sizungushii tena tepu sehemu inayoingia ndani. Naiacha injini ijitokeze milimita 6 hivi, kisha nazungusha tepu kwa nje, pale inapokutana na bomba, ili roketi ikitua niibandue na injini itoke kwa vidole. Pia sihifadhi injini kwenye buti ya gari wala gereji. Joto la kiangazi likifuatwa na baridi hutenganisha baruti na ganda, moto ukapita pembeni na kuwasha eneo kubwa kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana injini hupasuka. Ile ya kwetu ilikuwa imekaa gerejini tangu mwaka uliotangulia.

Roketi tuliitengeneza kwa bomba jipya la ndani, na binti yangu akayagundisha mapezi mwenyewe, kwa gundi nyingi kupita kiasi. Kwenye pezi amefuta 48 na kuandika 53.