Jibu: programu inashika madoa badala ya kichwa cha neva

Ndugu wa Mbarara, umesema programu yako inatafuta panapong'aa zaidi kwenye picha ya retina (utando wa nyuma ya jicho), halafu kwa wagonjwa wa sukari inaangukia madoa ya manjano badala ya kichwa cha neva, yaani pale neva ya jicho inapotokea. Usitegemee mwanga peke yake, yale madoa ya mafuta nayo yanang'aa sana! Chukua chaneli ya kijani, yaani rangi ya kijani peke yake ya picha, ndo mishipa ya damu inaonekana vizuri, ifuate mpaka inapokutana yote, ile minene ya juu na ya chini, hapo ndo penyewe. Ukishapapata, fovea, pale jicho linapoona vizuri zaidi, iko kama vipenyo 2.5 vya hicho kichwa kuelekea upande wa sikio, ni pale penye giza pasipo na mshipa. Na picha 40 za DRIVE, ule mkusanyo wa picha za retina wa Uholanzi wa kujaribia programu, 33 hazina dalili ya ugonjwa wa retina unaoletwa na sukari, kwa hiyo nakuomba sana jaribu na za wagonjwa wa kwenu.